Merikebu Iliyotazama Mlango

Nianze na merikebu, maana bila hiyo nisingekuwa na la kusimulia. Ningekuwa bibi mwingine tu wa Svendborg anayelalamikia mgongo na bei ya siagi.

Inaning'inia katikati ya kanisa letu, Kanisa la Mtakatifu Klemens, hapa juu ya bandari. Ina milingoti mitatu, tumbo jeusi na mstari mweupe ubavuni, na urefu wake ni kama wa kitanda cha mtoto. Makanisa mengi ya kwetu yana merikebu ndogo ya namna hii iliyofungwa darini, na zote zinafuata ada moja: omo, ile ncha ya mbele, inaelekea madhabahuni. Merikebu inarudi nyumbani. Yetu ilielekea mlangoni. Tangu mimi ni msichana wa kusukwa nywele mpaka nikawa na meno ya kuweka kwenye glasi, merikebu ile ilimgeuzia Mungu tezi, yaani nyuma yake, ikautazama mlango.

Watu walipata cha kuchekea. Wakasema hata merikebu yetu inayakimbia mahubiri. Wakasema Lauge, mtunza kanisa wa zamani, alikuwa chakari siku alipoitundika, hajui mbele wala nyuma. Nami nilicheka nao. Kueleza kulikuwa kazi nzito kuliko kucheka.

Aliyeitengeneza ni kaka yangu, Asger. Alikuwa akijifunza useremala kule chelezoni, panapoundwa meli, na majira mazima ya baridi aliichonga kwenye meza ya jikoni kwetu huku mama akigomba kwamba maranda yanaingia kwenye supu. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kushika uzi wa matanga na kunyamaza, na kunyamaza kulinishinda. Alipomaliza akaiweka juu ya kabati, akatuambia kanisa limeikubali. Ila alikuwa amepata kazi kwenye meli ya mizigo, *Dorthe Juhl*, na meli ilikuwa inaondoka.

"Nikirudi Krismasi nitaitundika mwenyewe," akasema. "Mtu asiiguse. Na wewe Ragnhild, hasa wewe."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivaa sweta ya buluu aliyofumiwa na mama, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa sababu mama alikuwa fundi wa mambo mengi lakini si wa kufuma.

*Dorthe Juhl* ilipotelea bahari ya Skagerrak mwezi wa Novemba, na shehena ya saruji. Likaokotwa boya moja. Watu hawakuokotwa.

Mama hakulia mbele yetu. Merikebu ilikaa juu ya kabati mpaka theluji ikayeyuka, na mama hakuweza kupika bila kuigeukia. Siku moja mchungaji wa wakati huo akaja, akasema kwa upole kwamba huenda sasa ingefaa itundikwe kanisani, iwe kumbukumbu.

"Kumbukumbu ni ya wafu," mama akamjibu.

Mchungaji akanywa kahawa yake. Mama akasugua meza mahali palipokuwa safi tayari. Kisha akasema: "Itundikeni. Lakini omo itazame mlango. Haijarudi. Siku atakayokuja ataigeuza mwenyewe, kwa mkono wake."

Na mchungaji yule, Mungu amrehemu, akakubali. Lauge akaitundika akiwa na akili zake zote, hajagusa hata bia. Uvumi wa ulevi aliubeba mpaka kaburini bila kujitetea, na mama alimpelekea keki kila Krismasi.

Tangu hapo mama alikaa benchi la mwisho kabisa, jirani na mlango, na pembeni yake aliacha nafasi ya mtu mmoja. Mtu akija kutaka kukaa, alimwambia, "Kuna mtu." Hakusema nani. Mlango ukifunguka aligeuka. Hata katikati ya Baba Yetu, aligeuka. Alipolala kitandani mwisho wa maisha yake alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua amebaki nazo, akasema nisikubali igeuzwe. Nikamwahidi. Basi nikarithi benchi, nikarithi nafasi, nikarithi na yale maneno mawili. Miaka ikaenda, waliojua wakafa mmoja mmoja, na nikabaki peke yangu ninayejua kwa nini merikebu ya Klemens imekaa kinyume.

Sasa usinifikirie mwendawazimu. Nilijua kaka yangu amekufa. Nimekuwa mwalimu wa hesabu maisha yangu yote. Lakini kujua kulikaa kichwani, na kile kingine kilikaa mahali pengine kabisa, na hivyo viwili havikuwa vinasemezana.

Halafu kanisa likaanza kuoza. Lile kuvu la mbao, linalokula boriti kimya kimya mpaka siku unakanyaga sakafu na mguu unazama. Siku moja kipande cha dari kilidondoka karibu na beseni la ubatizo, mtoto akapiga chafya, na wakubwa wakafunga milango. Wakasema Svendborg ina makanisa ya kutosha. Kukawa na maneno kwamba jengo linaweza kugeuzwa ukumbi wa mazoezi, watu waje wapande kuta kwa kamba. Kupanda kuta! Nilisimama kwenye mkutano nikasema maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hatarajiwi kuyasema mbele ya askofu, na nikayarudia kwa sababu askofu alijifanya hakusikia.

Wenzangu walililia kanisa kwa sababu zao: wamefungia ndoa pale, wazazi wao walisomewa pale, matofali yale ni ya zamani kuliko mji. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, na sikuthubutu kuitamka. Asger akija atakuta pamefungwa.

Tulilipigania mpaka tukalipata. Sharti likawa kwamba mafundi wataalamu washughulike na boriti na paa, na sisi watu wa mtaani tuzichukue kuta. Kuta za kanisa zima, nje na ndani, kwa chokaa. Nikafanywa msimamizi, kwa kuwa wengine waliogopa kunikatalia.

Wasiopaka chokaa hudhani ni rangi. Si rangi. Unalowesha ukuta kwanza, kisha unapaka chokaa nyepesi kama maziwa, na unapomaliza huoni kitu. Ukuta ni uleule wa kijivu, mkono unakuuma, na unataka kulia. Unaenda nyumbani. Kesho yake unakuta pamekuwa peupe kidogo, na unaanza tena, tabaka juu ya tabaka.

"Hii kazi ni ya kupaka maji," alilalamika Egon siku ya kwanza. "Jemedari, una hakika umetia chokaa humu?"

Egon Thorsager ndiye aliyenipa jina hilo la Jemedari, na likashika. Alikuwa mstaafu kama mimi, fundi wa kupaka rangi meli, aliyehamia kwetu uzeeni kutoka mkoa wa Jylland. Watu wa huko husifika kwa kusema neno moja kwa siku. Egon nadhani aliwaibia wenzake maneno yao yote.

"Paka, Egon. Ukuta hauhitaji hotuba."

"Nyumbani kwenu mlikuwa mnaongea kwa ishara?"

"Tulikuwa tunafanya kazi."

"Aa, ndiyo maana hukupata wa kukuoa."

Nilimrushia kitambaa cha chokaa. Mchungaji Solvej, ambaye ni mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wangu na alikuja kwetu kanisa likiwa tayari limefungwa, alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Tulikunywa kahawa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukala mikate ya jibini kwa vidole vyeupe, na kwa nini nidanganye, nilikuwa na furaha. Ila jioni nikiondoka nilitazama juu pale palipokuwa patupu, maana merikebu ilikuwa imeshushwa kupisha mafundi. Bila ile merikebu nilijisikia kama niliyetoka nyumbani nikaacha jiko linawaka.

Egon ndiye aliyeichukua kuisafisha. Alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake. Nilikwenda mara nyingi kumtazama, akifuta vumbi kwenye kamba moja moja kwa brashi ya kunyolea.

"Aliyeunda hii alikuwa na mkono," aliniambia. "Tazama hizi kapi za kupitishia kamba. Kila moja imetobolewa. Nani angeziona kule juu? Lakini kazitoboa."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilisema, "Ndiyo," nikaomba kahawa. Nilijiambia siku ya kuitundika nitakuwepo, nitawaelekeza omo iende wapi, na yatakwisha.

Sikuwepo. Kuta mbichi zilinipa kikohozi kilichoshuka kifuani, na daktari akaniweka kitandani wiki nzima kama mtoto. Ufunguzi ulikuwa Jumapili, Jumapili ya Watakatifu Wote. Alhamisi nikaamka sina homa, nikavaa koti juu ya gauni la kulalia, nikapanda kilima.

Nilisukuma mlango. Kanisa lilikuwa jeupe. Jeupe kweli, ule weupe tulioutilia shaka, umetokea wote kwa pamoja nikiwa kitandani. Hakukuwa na mtu niliyemwona. Nikainua macho.

Omo ilikuwa inatazama madhabahu.

Sijui nieleze vipi. Maisha yangu yote niliambiwa kitu kimoja, kwamba siku merikebu itakapogeuka ni kwamba amekuja kuigeuza. Na ilikuwa imegeuka. Miguu yangu ilitangulia kabla ya akili. Nikaenda katikati ya kanisa nikitazama kati ya mabenchi, kushoto, kulia, nyuma ya nguzo, na nikasikia sauti yangu inauliza kwa nguvu: "Yuko wapi? Yuko wapi?"

"Nipo, nipo," ikajibu sauti ya mwanamume kutoka kwenye chumba cha mchungaji.

Nilishika mgongo wa benchi. Akatokea Egon, kipande cha mkate mkononi, anatabasamu mpaka kwenye masikio.

"Nilijua utauliza ni nani," akasema. "Ni mimi. Tulitaka ukipona uje ukute zawadi. Miaka yote hiyo imekaa kinyume, Jemedari, mpaka aje mtu wa Jylland kuwanyooshea mambo yenu." Kisha akaniona uso. "Ragnhild? Umekuwaje? Kaa. Kaa chini."

Sikukaa. Nilimwambia airudishe. Nilimwambia saa hiyohiyo, alete jukwaa la mafundi, airudishe ilivyokuwa, na nani alimwambia aguse kitu ambacho hakimhusu, na kwamba yeye ni mzee mpumbavu. Mengine sitayaandika. Yale maneno niliyomwambia askofu yalikuwa sala ukilinganisha.

Egon aliweka mkate wake kwenye benchi, akasubiri niishiwe pumzi, na kikohozi kiliponishika akanishika mkono mpaka kikapita. Ndipo nikamweleza. Nilimweleza yote, sweta na saruji na boya, mama na ile nafasi kwenye benchi, na Lauge ambaye hakuwa amelewa. Nililia nikiwa nasema, kilio kile kibaya cha kamasi, mbele ya mwanamume ambaye asubuhi yake nisingemruhusu anione bila viatu.

"Hukuniambia," akasema mwishowe. Hakusema kwa kunilaumu.

"Sikumwambia mtu."

"Mimi nilidhani ni kosa tu. Kwetu mtu akiona merikebu imetazama mlango anaigeuza, kama unavyogeuza picha iliyokaa upande." Akajifuta uso kwa mkono. "Basi. Nairudisha."

Akalisukuma lile jukwaa la magurudumu chini ya merikebu, akaanza kupanda. Alipanda taratibu, magoti yanamtetemeka, anashika kila chuma mara mbili. Upara wake ulikuwa na madoa ya chokaa. Alipofika juu akahema, akaweka kiganja kwenye tumbo la merikebu, akanitazama chini.

"Nigeuze?"

Nilikuwa na neno "ndiyo" mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nakumbuka nilichokifanya dakika chache nyuma, nilivyokimbia kati ya mabenchi, na nikajiuliza nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa natafuta kijana wa sweta ya buluu.

"Egon," nikasema. "Ulizaliwa mwaka gani?"

Akanitajia. Akanitajia na mwezi, maana yeye hawezi kujibu swali kwa ufupi. Ulikuwa mwaka wa Asger.

Nikamtazama yule mzee juu ya jukwaa. Magoti. Upara. Tumbo linalosukuma vifungo vya shati. Miwani imefungwa kwa uzi. Kama kaka yangu angeingia kwa ule mlango siku yoyote katika miaka hii ya karibuni, angekuwa hivi, na mimi nilikuwa nimemwekea nafasi mtu mwingine. Ningemwambia, "Samahani, kuna mtu."

"Kwa nini unauliza?" Egon akasema. "Unataka kunipa zawadi?"

"Asger angekuwa rika lako. Angekuwa na sura kama hiyo yako."

Akafikiri kidogo. "Basi mmepata hasara kubwa," akasema.

Nilicheka. Sikutaka, ila nilicheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, na nikaketi kwenye benchi la karibu nikauacha mwili ufanye unavyotaka. Egon hakushuka na hakuondoa kiganja. Alisimama kule juu ananisubiri, na lazima magoti yalikuwa yanamuua.

"Iache," nikamwambia nilipoweza.

"Una hakika?"

"Shuka kabla hujaanguka ukavunja sakafu mpya."

Nilimkuta Solvej ofisini kwake anaandaa ibada. Katika Jumapili ya Watakatifu Wote kwetu mchungaji husoma majina ya waliokufa tangu Jumapili kama hiyo ya mwaka uliopita, na kwa kila jina inawashwa mshumaa. Nikamwambia ninalo jina la kuongeza. Akachukua kalamu.

"Asger Tranholm," nikasema. "Ni kaka yangu."

"Pole sana, Ragnhild. Sikujua kwamba una kaka." Akaandika. "Alifariki lini? Ni lazima iwe ndani ya mwaka huu, si unajua utaratibu wetu."

Nilitazama nje dirishani. Bandari ilikuwa na ukungu, na feri ya kwenda kisiwa cha Ærø ilikuwa inatoka.

"Leo," nikasema. "Amefariki leo asubuhi."

Solvej aliinua macho, akaona gauni la kulalia chini ya koti langu na macho yangu yalivyovimba. Hakuuliza. Baadaye nilimsimulia, lakini siku ile hakuuliza, na kwa hilo nitampenda mpaka nife.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani, na walioegemea waliondoka na migongo myeupe, kama nilivyowaonya. Nilikaa mahali pangu benchi la mwisho. Pembeni yangu palikuwa patupu kama siku zote. Watu wa mtaani walikwishazoea, hawakusogea hata kwa jinsi palivyobanana. Egon alikaa benchi la mbele yangu, amevaa tai, na hakusema lolote kwa saa nzima. Kila nikiinua macho niliona tezi. Sikuwahi kuiona tezi kutoka pale. Asger alikuwa ameichora maua madogo ya njano, na mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Solvej akasoma majina. Watu walilia kila mmoja kwa lake. La kwetu akaliweka la mwisho. Akalisema polepole, jina na ubini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia likitamkwa kwa sauti ndani ya kanisa lile. Mshumaa ukawashwa. Niliutazama. Nilitamani kumwona kaka yangu kama nilivyotamani nikiwa mtoto, kwa tumbo zima, na hakuna chokaa ya kufunika hilo.

Ndipo baridi ikanipiga shingoni. Mlango umefunguka.

Niligeuka. Bila shaka niligeuka, shingo yangu haijui kitu kingine. Alikuwa mwanamke kijana nisiyemfahamu, amelowa mvua, mtoto mchanga amefungwa kifuani ndani ya koti. Alisimama akitafuta mahali kwa macho, ameona haya kuchelewa. Akaiona ile nafasi. Akainama kwenye sikio langu.

"Samahani, mama," akanong'ona. "Hapa kuna mtu?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna mtu. Kaa."